Majina Yasiyoandikwa Kwenye Santuri

Sauti ya Aretha Franklin haikubadilika kati ya mwaka 1966 na mwaka 1967. Ni sauti ileile iliyonolewa katika kanisa la baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, mjini Detroit. Ni sauti ileile ambayo kampuni ya Columbia ilikuwa nayo mkononi tangu 1960, ikaitolea albamu baada ya albamu pasipo kupata kibao kikubwa cha kutikisa Marekani nzima. Kilichobadilika ni chumba. Mwezi Januari 1967 Jerry Wexler wa kampuni ya Atlantic alimpeleka katika studio ya FAME, kwenye mji mdogo wa Muscle Shoals jimboni Alabama, akamketisha kwenye piano katikati ya vijana wa pale. Mwanzoni hakuna aliyejua wimbo waliopewa uanzie wapi. Kisha Spooner Oldham akapata kipande kifupi kwenye kinanda cha umeme, chenye mwendo wa kujivuta kama wa mtu apandaye ngazi amechoka. Roger Hawkins akaingiza ngoma, wenzao wakafuata, na "I Never Loved a Man" ukapatikana. Siku hiyohiyo ulizuka ugomvi, Aretha akaondoka Alabama na kazi haijaisha. New York, ambako Atlantic ilikuwa na makao yake, ilijaa wapigaji stadi, na Wexler angeweza kuwaokota huko kwa simu moja. Hakufanya hivyo. Aliwasafirisha wapigaji walewale wa Alabama hadi New York, na tarehe 14 Februari wakarekodi naye "Respect", wimbo ulioshika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard katikati ya mwaka huo. Hakuna kampuni inayolipia kikosi kizima nauli na malazi kwa ajili ya adabu tu. Wexler alikwisha kusikia kitu asichoweza kukipata kwingine.

Hoja ya sura hii inaanzia hapo. Vibao vya soul, pop na roki vya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, hivi ambavyo redio zetu huvipiga katika vipindi vya zilipendwa, ni kazi ya vikosi vya studio kwa kiasi kikubwa kuliko tulivyoambiwa. Sura ya mwimbaji iliwekwa kwenye jalada, jina la mtunzi likaandikwa kwa herufi ndogo chini ya kichwa cha wimbo, na waliobuni mdundo wenyewe hawakuandikwa popote. Sisemi kwamba mwimbaji alikuwa pambo. Nasema kwamba katika nyimbo nyingi, kile ambacho sikio hukitambua kwanza, kabla hata ya neno moja kuimbwa, kilitungwa na mtu aliyelipwa kama kibarua na kusahauliwa kama kibarua. Msomaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi atalielewa jambo hili haraka, kwa kuwa kwetu wimbo umezoea kuwa mali ya bendi. Mashabiki wa Dar es Salaam na Kinshasa wamebishana miaka mingi ni nani aliyepiga solo katika wimbo fulani na nani alikuwa kwenye ridhim, na mara nyingi mwimbaji mwenyewe humwita mpigaji kwa jina katikati ya wimbo. Marekani ya wakati ule iliuza muziki wake kwa njia nyingine kabisa.

Chumba kilicho maarufu kuliko vyote kilikuwa Detroit, katika nyumba namba 2648, barabara ya West Grand Boulevard. Berry Gordy alianzisha kampuni yake, iliyokuja kujulikana kama Motown, mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yake, akainunua nyumba hiyo na kuigeuza studio. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kimejaa nyaya sakafuni na moshi wa sigara hewani, na wapigaji wakakiita Shimo la Nyoka. Wao wenyewe walijiita Funk Brothers. Earl Van Dyke alikuwa kwenye vinanda, Benny Benjamin kwenye ngoma na baadaye Uriel Jones na Richard "Pistol" Allen, Jack Ashford kwenye tari, Eddie "Bongo" Brown kwenye bongo na konga, na James Jamerson kwenye besi. Magitaa yalikuwa matatu, ya Robert White, Eddie Willis na Joe Messina, na yaligawana kazi bila kugongana, jambo ambalo mpigaji yeyote wa rumba atalithamini. Wengi wao walikuwa wapigaji wa jazi waliofanya kazi kwenye baa za Detroit usiku na kuingia studio mchana. Walipewa karatasi yenye mpangilio wa kodi na maelekezo machache, kisha wakaachiwa wajenge. Nyumba hiyo ndiyo iliyotoa "My Girl" ya Temptations, "You Can't Hurry Love" ya Supremes na "Reach Out I'll Be There" ya Four Tops. Waimbaji wa nyimbo hizo ni wengine na watunzi si walewale, ila mikono ya nyuma ni ileile.

Jamerson anastahili kusimuliwa peke yake. Alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, South Carolina, akahamia Detroit, na alianza na besi kubwa ya kusimama kabla ya kushika besi ya umeme. Alipiga nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na hakupenda kubadilisha nyuzi zake hata zikichakaa, kwa sababu ukavu wa nyuzi za zamani ulimpa sauti nzito isiyolialia. Kabla yake besi ya muziki wa pop ilikuwa mtumishi, ikishika noti ya chini ya kodi na kutulia hapo. Jamerson aliifanya iongee. Katika nyimbo nyingi za Motown ukiisikiliza besi peke yake utakuta inamjibu mwimbaji, inamtangulia, inaruka mapigo na kurudi, na bado wachezaji hawapotezi hatua. Paul McCartney amemtaja mara nyingi kuwa miongoni mwa waliomfundisha jinsi besi inavyoweza kutembea. Hata hivyo Motown haikuorodhesha wapigaji wake kwenye albamu hadi mwaka 1971, Marvin Gaye alipotoa "What's Going On". Kwa miaka kumi na zaidi, dunia nzima ilicheza mikono ya mtu huyu bila kujua anaitwa nani.

Mtu anaweza kusema kwamba hao walikuwa mafundi tu, na fundi mwingine angejenga nyumba ileile kwa ramani ileile. Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na Motown yenyewe ililijibu kwa vitendo. Wapigaji wake walikuwa wakitoroka usiku kwenda kurekodi kwa kampuni nyingine ili kuongeza kipato, na Gordy aliwatoza faini walipogundulika. Edwin Starr alitoa "Agent Double-O-Soul" mwaka 1965 katika lebo ndogo ya Ric-Tic hapo hapo Detroit, na msikilizaji asiyejua angeapa kwamba ni wimbo wa Motown. Mwaka 1967 Jackie Wilson alitoa "Higher and Higher" kupitia kampuni ya Brunswick. Ulirekodiwa Chicago, mwimbaji hakuwa wa Gordy, mtayarishaji hakuwa wa Gordy, wala wimbo wenyewe haukutungwa kwake. Kilichosafiri kutoka Detroit ni baadhi ya Funk Brothers, na sauti ikasafiri nao. Kama ramani ingekuwa ndiyo siri, sauti ile ingebaki West Grand Boulevard. Faini zile ni ushahidi kuliko sifa yoyote, kwa maana mwenye mali hamfungii mlango mtu ambaye anaweza kumpata popote.

Memphis ilikuwa na mpango wa namna yake. Kampuni ya Stax, ya Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, iliweka studio ndani ya jengo la sinema ya zamani katika barabara ya East McLemore, na sakafu ikabaki na mteremko wake wa tangu enzi za watazamaji. Bendi ya humo ndani, Booker T. & the M.G.'s, ilichanganya Weusi na Weupe katika mji ambao ubaguzi ulikuwa ungali desturi ya kila siku. Booker T. Jones alikuwa kwenye ogani, Steve Cropper kwenye gitaa, Al Jackson kwenye ngoma, na Lewie Steinberg kisha Donald "Duck" Dunn kwenye besi. Tofauti na Detroit, hawa walitoa santuri kwa jina lao wenyewe, na "Green Onions" ya mwaka 1962 haina mwimbaji kabisa. Tena Cropper aliandikwa kuwa mtunzi mwenza katika "In the Midnight Hour" ya Wilson Pickett na "The Dock of the Bay" ya Otis Redding, wimbo uliofika nafasi ya kwanza mwaka 1968 baada ya Redding kufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967. Naitaja Stax kwa sababu inaondoa kisingizio kwamba zama zile hazikujua njia nyingine. Njia ilikuwepo, na mpigaji aliyesaidia kutunga aliweza kuandikwa. Hata hapo haki haikukamilika. Katika "In the Midnight Hour" kinachoukamata mwili ni pigo la pili na la nne linalochelewa kidogo. Wexler aliwaonyesha mwendo huo kwa kucheza mbele yao studioni, na Al Jackson na wenzake ndio waliougeuza kuwa muziki. Utunzi umeandikwa majina ya Pickett na Cropper. Jackson, aliyeuweka mwili wa wimbo mahali pake, hayumo.

Los Angeles nako mambo yalikuwa hayo hayo, kwa kiwango kikubwa zaidi, na huko hata vikundi vilivyojitangaza kuwa bendi havikupiga vyombo vyao. "Mr. Tambourine Man", wimbo ulioifanya Byrds ijulikane mwaka 1965, una mwanakikundi mmoja tu aliyeshika chombo, Roger McGuinn na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, na waliobaki ni wapigaji wa kukodiwa. Hal Blaine, mpiga ngoma wa kundi hilo la kukodiwa, alipiga katika nyimbo sita mfululizo zilizopata tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya mwaka, kuanzia tuzo za 1966 hadi za 1971. Mtu mmoja yumo ndani ya rekodi bora sita mfululizo za taifa zima, na shabiki wa kawaida asingeweza kumtambua barabarani.

Sasa upo upande wa pili wa hoja, na haufai kupuuzwa. Chukua "I Heard It Through the Grapevine". Norman Whitfield na Barrett Strong waliutunga, Whitfield akautayarisha zaidi ya mara moja katika Motown ileile, na kikosi cha nyuma ni kilekile. Gladys Knight & the Pips waliutoa mwaka 1967 kwa mwendo wa kasi wa kanisani, ukafika nafasi ya pili. Marvin Gaye, ambaye toleo lake lilikuwa limewekwa kabatini, alitoka nao mwaka 1968 ukiwa wa polepole, wenye hofu na giza ndani yake, ukakaa nafasi ya kwanza wiki saba. Ikiwa kikosi ndicho kila kitu, tofauti hii imetoka wapi? Imetoka kwa mtayarishaji na kwa mwimbaji, na hilo nalikubali bila shingo upande. Lakini tazama jambo lenyewe linathibitisha nini. Whitfield aliweza kuutengeneza wimbo mmoja kuwa nyimbo mbili kwa sababu mbele yake walikaa watu walioweza kumpa kila hali aliyoiomba, furaha ya kupiga makofi leo na wasiwasi wa usiku wa manane kesho. Karatasi ya mtunzi ilikuwa moja. Tofauti yote iliundwa chumbani, na chumbani ndimo madai yangu yanamolala.

Pingamizi lingine nalo ni gumu kwangu. "I Want You Back" ya Jackson 5, ya mwaka 1969, ina moja ya besi nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa na Motown, na Jamerson hayumo. Ulirekodiwa Los Angeles, na mpiga besi ni Wilton Felder, ambaye wapenzi wa jazi wanamjua zaidi kwa saksafoni yake katika Crusaders. Kwa hiyo Detroit haikuwa mahali pekee duniani. Wala sijadai hivyo. Felder alipiga katika lugha ambayo Jamerson alikuwa ameifundisha dunia kwa miaka kadhaa, na yeye naye hakuandikwa. Stevie Wonder ni mfano mwingine unaopendwa kuletwa, kwani katika "Superstition" ya mwaka 1972 alipiga mwenyewe ngoma, kinanda na besi ya sinthesaiza. Ni kweli kabisa, na fahari hiyo ni yake. Lakini ngoma alijifunza akiwa mtoto ndani ya Shimo la Nyoka, na mwalimu wake alikuwa Benny Benjamin.

Wapo watakaosema pia kwamba wapigaji walipatana bei na wakalipwa, basi deni liko wapi? Makubaliano yalikuwepo, ndiyo, lakini sheria iliyoyazunguka ilikuwa na kasoro ya msingi. Hakimiliki ya wimbo ilitambua kile kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi, yaani maneno na mahadhi. Mdundo wa ngoma, mwendo wa besi na mtindo wa gitaa vilihesabiwa kuwa utekelezaji. Rekodi yenyewe haikuwa na ulinzi wa sheria ya shirikisho ya Marekani hadi tarehe 15 Februari 1972, na hata leo redio za kawaida za nchi hiyo hulipa mirabaha kwa watunzi na wachapishaji, ilhali mwimbaji na mpigaji hawapati kitu wimbo unapochezwa hewani. Mpigaji alipokubali ujira wake hakuwa akiuza haki aliyoijua. Haki hiyo haikuwa na jina. Uingereza nako Herbie Flowers alilipwa pauni 17 kwa besi mbili, ya kusimama na ya umeme, zinazopishana katika "Walk on the Wild Side" ya Lou Reed, na besi hizo ndizo zinazoutambulisha wimbo kabla Reed hajafungua kinywa. Flowers hakuwahi kulalamika, na uungwana wake ni wake. Uungwana wa mtu mmoja haufanyi hesabu kuwa sahihi.

Tena mahakama imekwisha kulipima jambo hili, na ikakubali. Wimbo "A Whiter Shade of Pale" wa Procol Harum, wa mwaka 1967, uliandikishwa kwa majina ya Gary Brooker na Keith Reid. Ogani inayoufungua, ambayo watu huimba kwa midomo kabla ya kukumbuka neno lolote la wimbo, ilitungwa na Matthew Fisher. Fisher alidai mwaka 2005, miaka 38 baada ya santuri kutoka. Mwaka 2006 jaji alimpa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki, mahakama ya rufaa ikamnyima mapato yake mwaka 2008, na mwezi Julai 2009 mabwana wa sheria katika Bunge la Malordi walimrudishia kwa kauli moja. Mwaka huohuo wa 2005 Clare Torry, aliyelipwa pauni 30 kwa sauti yake isiyo na maneno katika "The Great Gig in the Sky" ya Pink Floyd, alimaliza kesi yake nje ya mahakama na akaandikwa kuwa mtunzi mwenza. Wanaouliza mwisho wa madai haya utakuwa wapi, na kama mfunga nyaya naye atataka fungu, wamejibiwa hapo. Majaji wa kesi ya Fisher waliketi wakaisikiliza ogani, wakaupima mchango wake, wakaweka asilimia. Kipimo kinawezekana. Ondoa noti chache zinazopanda za Robert White mwanzoni mwa "My Girl", kisha uliza kama bado una wimbo ambao watu waliupenda.

White alikufa 1994, bila kesi na bila asilimia. Jamerson alikufa mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 47. Motown ilikuwa imehamia Los Angeles mwaka 1972, na wapigaji wamesimulia kwamba walipata habari kwa tangazo lililobandikwa mlangoni mwa studio. Mwaka 2000 Jamerson na Hal Blaine waliingizwa pamoja katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, na mwaka 2002 filamu "Standing in the Shadows of Motown" iliwaonyesha hadharani waliokuwa bado hai. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli, na ilichelewa kwa miaka 30.

Jambo hili halikuishia ng'ambo. Nairobi ya miaka ya 1960 ilikuwa na studio ya Equator Sound na kikosi chake cha ndani, na humo Daudi Kabaka aliimba "Helule Helule", wimbo ambao kundi la Tremeloes liliuchukua mwaka 1968 na kuuingiza kwenye chati za Uingereza. Jina la Kabaka tunalo. Wangapi kati yetu wanaweza kutaja waliopiga magitaa nyuma yake? Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa wana dakika tatu za wimbo na sekunde kumi za kuutambulisha. Nawaomba sekunde hizo wazitumie vizuri, wakianza na "My Girl": waimbaji ni Temptations, gitaa ni la Robert White, besi ni ya James Jamerson.